Jinsi ya Kuitwa Fundi kwa Adapta Moja ya USB

Unayo laptopu ya mtumba. Huenda ni EliteBook, huenda ni ThinkPad au Latitude, iliyomaliza kazi katika ofisi ya watu Ulaya au Dubai ikaja kuuzwa Kariakoo au Luthuli Avenue. Mwili wake bado mzima na kibodi yake tamu kuliko za laptopu mpya za bei hiyohiyo, lakini ukiiwasha una muda wa kuoga, kuvaa na kuaga kabla haijakubali kufungua barua moja. Unailaumu prosesa. Prosesa haina kosa. Mkosaji ni hadi disiki: visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachohangaika huku na huko kutafuta kila kipande cha faili. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka wala kinachohangaika. Ukiiweka, laptopu ileile itawaka kabla hujavuta kiti vizuri, na nyumbani wataanza kukuita fundi.

Jina hilo ndilo tunalolitaka. Tulipate kwa jasho dogo iwezekanavyo.

Wapo watakaokwambia njia ya haki ni kufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya. Waache na haki yao. Njia hiyo itakula wikiendi nzima ukitafuta draiva ya printa, nywila ya barua pepe, na ile programu ya uhasibu ambayo aliyeiweka alishahamia Mwanza. Sisi tunakloni. Diski mpya unaichomeka nje kwa adapta ya USB, unaimiminia kila kitu kilichomo kwenye ile ya zamani, unazibadilisha, unarudisha skrubu. Kesho yake mwenye laptopu anakuta picha yake ya harusi palepale na ile dokumenti iitwayo “ripoti mpya ya mwisho 3” haijasogea. Leseni usiiwazie: ya kidijitali, kwenye Windows 10 na 11, imefungwa kwenye mazabodi, si kwenye diski. Diski ikibadilika, Windows bado inamtambua mwenye nyumba.

1. Usinunue kasi usiyo na mahali pa kuiweka

Anza kwa kupuuza majina. USB 3.0 iliyotoka 2008 ilikuja kuitwa USB 3.1 Gen 1, halafu ikaitwa USB 3.2 Gen 1, na muda wote huo ilikuwa kitu kilekile: gigabiti 5 kwa sekunde. Kwenye kifurushi tafuta hiyo namba ya gigabiti tu. Tano zinakupa kama megabaiti 400 hivi kwa sekunde. Kumi zinakupa karibu 1,000. Ishirini zinataka tundu la aina yake, ambalo laptopu nyingi hazina, na ukichomeka adapta ya ishirini pasipo tundu hilo inashuka hadi kumi au chini yake.

Sasa hesabu kwa upande wa pili. Hadi disiki unayoitoa inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, na inashuka ikikutana na faili ndogondogo. Adapta ya gigabiti 5 tayari inaisubiri. Muuzaji akikuonyesha SSD iliyoandikwa megabaiti 7,000 kwa sekunde, mwambie hongera, kisha kumbuka kwamba kasi hiyo ni ya diski iliyo ndani ya kompyuta yenye PCIe 4.0, wala haiwezi kupita kwenye waya wa USB ulio mkononi mwako. Pesa uliyookoa ongeza kwenye ukubwa wa SSD. Gigabaiti 512 zitakusitiri miaka mingi kuliko 256 zenye kasi ya kutambia.

Ila usishuke hadi USB 2.0. Hapo ubahili unageuka adhabu: megabaiti 35 hivi kwa sekunde. Vitu vya gigabaiti 120 vitachukua karibu saa nzima, na diski ya gigabaiti 500 ikinakiliwa yote itakula saa nne.

2. Fungua laptopu kabla ya kufungua pochi

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowarudisha dukani wamenuna. Geuza laptopu, fungua kifuniko cha chini, tazama inakubali nini. Kuna SSD ya SATA ya inchi 2.5, yenye umbo lilelile la hadi disiki ya laptopu. Inaingia palepale ilipotoka nyingine, na kwa laptopu ya kabla ya 2014 hivi mara nyingi ndiyo chaguo pekee la maana, kwa sababu nyingi za umri huo hazijui kuwaka kwa NVMe, ile lugha ya SSD mpya zaidi. Kuna M.2, kijiti chembamba kama ubani wa kutafuna. M.2 inayotumika zaidi ni 2280, yaani upana milimita 22 na urefu milimita 80. Zipo fupi pia, 2242 na 2230.

Mtego uko hapa: M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo inaweza kuwa SATA au NVMe, na mbili hizo hazisemi lugha moja. SATA ya M.2 kwa kawaida ina mikato miwili kwenye meno yake, NVMe mara nyingi ina mmoja. Hata hivyo usiamini meno peke yake. Soma lebo ya diski. Na tundu la M.2 ndani ya laptopu nalo huenda linakubali SATA pekee, au ni la kadi ya mtandao wa simu, halihusiki na diski kabisa. Tafuta mwongozo wa modeli yako, usome ukurasa huo mmoja.

Adapta nayo inachagua. Ndani yake kuna chipu ndogo inayotafsiri kati ya USB na diski. JMS583 ya JMicron na ASM2362 ya ASMedia ni za NVMe tu, ukizivisha M.2 ya SATA zitanyamaza. RTL9210B ya Realtek inakubali zote mbili. Basi ukifika dukani, kabla hujauliza bei, uliza kwa sauti ya kawaida: “Hii ina chipu gani ndani?” Muuzaji anayejua ataanza kukuheshimu. Asiyejua atakwenda kuuliza nyuma ya duka, na waliosimama pembeni watakutazama upya. Heshima umeipata, na zaidi ya heshima umepata jibu unalolihitaji kweli.

Ukiwa na chaguo, nunua yenye UASP. Njia ya zamani ya USB hutuma amri moja, husubiri, hutuma nyingine. UASP hupanga amri nyingi kwa pamoja, na tofauti utaiona hasa kwenye faili ndogo.

Kwa SSD ya inchi 2.5, waya wa SATA kwenda USB unatosha, na ni wa bei ndogo kuliko vyote. Usijaribu kuwasha nao hadi disiki kubwa ya kompyuta ya mezani. Ile inataka volti 12, na USB ya kawaida inatoa 5.

3. Mshike mwongo kabla hajakushika

Utakutana na SSD ya terabaiti mbili kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ndani yake kuna memori ndogo na chipu iliyofundishwa kusema uongo. Windows ikiiuliza ukubwa, inajibu terabaiti mbili. Ukiandika, inapokea kwa adabu zote; nafasi ya kweli ikiisha inaanza kuandika juu ya vya mwanzo au kutupa vipya, na hakuna onyo linalotokea. Utakuja kujua siku unafungua picha za mtoto ukakuta mistari ya kijivu.

Dawa ni ya bure. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia F3. Zinaijaza diski nzima, kisha zinasoma kila kilichoandikwa na kukipima. Inachukua muda, kwa hiyo iwashe jioni ukalale. Fanya hivyo kabla ya kukloni, wakati bado unayo risiti. Hapa sikubali njia ya mkato, na usinibembeleze.

4. Msikilize mgonjwa

Pakua CrystalDiskInfo uone afya ya hadi disiki ya zamani. Ikiwa bluu, endelea. Ikiwa njano au nyekundu, diski ina maeneo mabovu, na programu ya kawaida ya kukloni inaweza kugoma katikati au kuichosha mpaka ife. Hapo tumia ddrescue ya Linux: inaanza na maeneo yanayosomeka kwa urahisi, inaruka mabovu, inaweka ramani ya ilikofika, kisha inarudi kujaribu yaliyobaki. Ikikatizwa, inaendelea ilipoishia.

Na ukisikia tiki, tiki, tiki kutoka ndani, zima. Hapo mwenye diski anahitaji mtu wa kuokoa data. Kumwambia hivyo mapema ni ufundi wa kweli kuliko kujaribu bahati kwa picha za watu.

5. Mwaga takataka, usihame nazo

Hii ndiyo hatua ya wavivu wenye akili. Kila gigabaiti utakayoifuta sasa ni gigabaiti usiyoisubiri baadaye. Ondoa filamu zilizoshatazamwa. Safisha folda ya vilivyopakuliwa, na pipa lenyewe ulimwage. Kisha zima usingizi mzito wa Windows: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, bonyeza. Lile faili kubwa lililofichwa, ambalo hula gigabaiti kadhaa kutegemea RAM yako, linatoweka papo hapo.

Kama SSD mpya ni ndogo kuliko diski ya zamani, hakikisha vilivyomo vinaenea na nafasi inabaki, halafu punguza patisheni ya C kwanza. Baadhi ya programu za kukloni, Clonezilla ikiwemo, kwa mpangilio wao wa kawaida hazitaki kumimina diski kubwa kwenye ndogo hata kama vilivyomo ni haba.

6. Ufunguo wa tarakimu 48

Ukikumbuka hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Windows inaweza kuwa imeifunga diski kwa BitLocker, kufuli yake ya kusimba data, bila mwenyewe kujua. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka 2024, kompyuta nyingi zaidi hujifunga zenyewe zinaposakinishwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft. Mwenye laptopu haoni tofauti yoyote, kwa sababu kila asubuhi mazabodi inamfungulia kimyakimya. Ukibadilisha diski, mazabodi inaweza kushtuka na kudai ufunguo wa kurejesha: tarakimu 48. Watu wengi hawajawahi kuziona tarakimu hizo maishani mwao.

Kwa hiyo fungua dirisha la amri na uandike manage-bde -status. Ikisema diski imefungwa, mwambie mwenyewe aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft atafute ufunguo, auandike kwenye karatasi, karatasi akae nayo yeye. Kisha ifungue diski kabisa kwa manage-bde -off C: na usubiri imalize. Usikloni ingali inafungua. Kuifunga tena kwenye SSD mpya ni kazi ya dakika chache, na uifanye, maana laptopu huibiwa, na vilivyomo ndani vina thamani kuliko laptopu.

Nimeona watu hodari, wenye bisibisi nzuri na maneno mazuri, wakisimama mbele ya skrini ya bluu inayodai ufunguo huku mama mwenye mashine akiuliza, “Sasa mwanangu, kazi zangu za shule ziko wapi?” Hakuna chipu ya kutaja inayojibu swali hilo.

7. Chagua programu, usioe programu

SSD yako ikiwa ya Samsung, pakua Samsung Data Migration. Ni rahisi mno, ila inakubali kumimina kwenye diski ya Samsung tu. Crucial, Kingston na Western Digital wanatoa toleo la Acronis kwa wateja wao. Angalizo: programu hizi hutafuta jina la kampuni kwenye diski, na adapta nyingine zinaficha jina hilo nyuma ya jina la chipu yao. Programu ikisema haioni diski ya kampuni yake ilhali iko mbele yako, diski si mbovu. Jaribu adapta nyingine, au hamia Clonezilla. Toleo la bure la Macrium Reflect, ambalo wengi bado wanalitaja vijiweni, liliachwa na wenyewe mwanzoni mwa 2024.

Clonezilla ni ya bure kabisa, imetoka katika kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa cha Taiwan, na haijali diski yako ni ya nani. Unaiweka kwenye flashi, unawasha laptopu kwa flashi hiyo, na Windows inabaki imelala wakati inanakiliwa. Inachukua sehemu zenye vitu tu, haipotezi muda kunakili utupu. Sura yake ni ya maandishi meupe na rangi za zamani. Hiyo ni faida kwako: anayepita nyuma yako ataona maandishi yanateremka kwenye skrini na atashusha sauti yake mwenyewe.

8. Chomeka kwa imani

Tundu liwe la USB 3, mara nyingi lina ulimi wa bluu, ingawa kampuni nyingine hupuuza rangi na kuchora herufi SS. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, si kwenye habu. Waya uwe mfupi, ule uliokuja na adapta. Na chomeka kwa mkupuo: pini za USB 2.0 kwenye plagi hiyo hugusa kwanza, na ukiingiza polepole sana, kompyuta inaweza kuamua kuwa mgeni ni wa USB 2.0 na kumtembeza kwa mwendo huo hadi mwisho. Ukiona kasi imekwama kwenye 35 au 40, chomoa, chomeka tena kwa mkono wa uhakika.

Umeme ndio unaoangusha wengi. Tundu la USB 2.0 limeruhusiwa milliampia 500, la USB 3.0 milliampia 900, yaani wati 4.5 kwa volti 5. NVMe yenye njaa ikiandika mfululizo inaweza kutaka zaidi ya hapo. Inazimika, inarudi, inazimika, na wewe unalaumu programu. Tundu la Type-C lenye nguvu husaidia. Kasha la alumini lenye pedi ya kupitishia joto husaidia pia, kwa sababu NVMe ikipata moto hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Iweke juu ya sakafu ya vigae, usiiache juu ya godoro.

Tenga pia kile kipokezi cha kipanya kisicho na waya. USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, jambo ambalo Intel wenyewe walilieleza kwa maandishi mwaka 2012. Mshale ukianza kurukaruka wakati diski inafanya kazi, hamisha kipokezi upande wa pili wa laptopu.

Betri ijae, na chaja iwe ukutani. Umeme ukikatika ghafla katikati ya kazi, laptopu yenye betri nzima itaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa kompyuta ya mezani azima UPS, au subiri usiku umeme ukitulia. Zima pia mpangilio wa laptopu kulala yenyewe.

9. Simama. Upande upi ni upi?

Mpaka hapa nimekuwa rafiki yako mlegevu. Sasa nakushika mkono. Kukloni kunafuta kila kitu kwenye diski inayopokea. Ukigeuza mwelekeo, ukamimina diski tupu juu ya iliyojaa, programu itatii vizuri sana, na dakika chache zitatosha kufuta miaka kumi ya mtu. Clonezilla itakuuliza kama una uhakika, kisha itakuuliza tena. Watu hubonyeza y mara mbili kwa mazoea yaleyale wanayokubalia masharti ya programu wasiyoyasoma.

Mbinu yangu ni kununua SSD yenye ukubwa tofauti na diski ya zamani. Kama ya zamani ni 500, chukua 256 au terabaiti moja. Kwenye orodha hutahitaji kukumbuka ipi ni sda na ipi ni sdb, namba zitajisema. Zikilingana, soma jina la modeli, linganisha na lebo ya kwenye diski yenyewe, soma kwa sauti. Chomoa flashi na diski zote zisizohusika. Kama kuna mtu karibu, muombe naye asome. Fundi anayeomba jicho la pili mbele ya watu hapungukiwi kitu.

10. Kaa karibu, usiguse

Kazi ikianza, mwendo utakuwa mzuri, kisha utaporomoka. Usishtuke. SSD nyingi za bei nafuu zina sehemu ndogo ya haraka ya kupokelea mizigo. Ikijaa, diski inaandika kwa mwendo wake wa kweli, na kwa baadhi yao mwendo huo ni wa chini kuliko hadi disiki uliyoidharau. Acha ifanye kazi. Usifungue muziki kwenye laptopu hiyo, usisogeze waya, usimruhusu mtoto acheze karibu na adapta. Akija mtu kuuliza inaendeleaje, mwambie “inahamisha patisheni ya EFI.” Ni kweli: kwenye mashine za kisasa patisheni hiyo ndogo, inayoshika maelezo ya kuwasha Windows, ni mojawapo ya zinazohama.

Kama unatoka SATA kwenda NVMe, kuna hila ya kufanya kabla ya kukloni: fungua msconfig, weka tiki ya Safe boot, usiwashe upya, kisha zima na ukloni. Siku ya kwanza kwenye diski mpya Windows itaamka katika Safe Mode, itapakia draiva za msingi zote, itaitambua NVMe. Baada ya hapo toa tiki, washa tena, umemaliza. Bila hivyo mara nyingine hukutana na skrini ya bluu isemayo INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Jua nywila kamili ya akaunti kabla ya kujaribu, kwa sababu PIN inaweza kukataa kazi katika Safe Mode.

11. Badilisha, uwashe, upige kifua

Zima kabisa. Toa betri, au kama imo ndani na BIOS inaruhusu kuizima, izime huko. Toa hadi disiki, weka SSD. M.2 huingia kwa kuinama kidogo, kisha unailaza na kuifunga kwa skrubu yake moja. Skrubu hiyo ukiiangusha kwenye zulia utazeeka ukiitafuta, kwa hiyo fanya kazi juu ya trei.

Washa kwa mara ya kwanza ikiwa na diski mpya peke yake. Usiache ya zamani imechomekwa: klona ina utambulisho uleule wa ya zamani, na Windows ikikuta diski mbili zenye utambulisho mmoja huizima mojawapo. Wala usiijaribu klona kwa kuiwasha ikiwa bado nje kwenye USB. Windows ya kawaida haikutengenezwa kuwaka kwa njia hiyo. Ikikataa, utadhani kazi imeharibika wakati ni nzima. Ikikataa ikiwa ndani, ingia BIOS uangalie mpangilio wa diski ya kuwaka. Na kama uliikloni kwa adapta kuukuu na sasa diski inaonekana tupu, fahamu kwamba adapta fulani huitangaza diski kwa sekta za baiti 4,096 badala ya 512, kwa hiyo ramani iliyoandikwa nje haisomeki ndani. Badilisha adapta, rudia.

Mara nyingi haitafika huko. Itawaka, haraka kiasi cha kuogopesha. Hapo mruhusu mwenye laptopu abonyeze mwenyewe kitufe, uso wake uuone. Usieleze kitu kwa dakika moja nzima.

Kisha fungua Disk Management. Kama SSD ni kubwa kuliko ya zamani, utaona nafasi isiyotumika mwishoni, na kati yake na C imekaa patisheni ya kurejesha Windows, inakuzuia kuipanua. Programu nyingine za kukloni hukupangia hili mapema. Kama haikufanya, tumia GParted kuisogeza, halafu ipanue C.

12. Hadi disiki ya zamani

Usiifute. Iandikie lebo yenye jina la mwenyewe na tarehe, mkabidhi, mwambie aiweke kabatini wiki kadhaa bila kuigusa. Huko nyuma nimekuruhusu kupuuza karibu kila kitu, na niliweza kwa sababu ya diski hii: mradi ipo nzima, kosa lolote ulilofanya upande wa pili linarekebishika. Yeye atumie laptopu, afungue kila folda, achapishe, aingie benki. Akiridhika, diski hiyo, kama ni SATA ya inchi 2.5, ivishe waya wa SATA kwenda USB. Tayari ana diski ya nje ya kuwekea nakala, na hajalipa zaidi. Kama anataka kuiuza, usimruhusu aifomati harakaharaka tu, kwa sababu fomati ya haraka inafuta orodha na kuacha vitu. Amri ya diskpart iitwayo clean all huandika sifuri juu ya diski nzima. Chagua diski kwa uangalifu uleule wa hatua ya tisa, kisha iache ifanye kazi usiku kucha.

Jirani atasikia, na kabla wiki haijaisha atakugongea na laptopu yake kwapani. Mkaribishe, na kabla hujashika bisibisi muulize ufunguo wa BitLocker uko wapi.